Bahari iko mbali, kwa nini inaamua mvua ya Chamwino?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mkulima hapa Chamwino, nina ekari sita. Miaka yote nalima mtama, uwele kidogo na alizeti. Msimu mmoja redio ilitangaza kuwa kuna El Niño na kwamba mvua za Dodoma zitakuwa za wastani hadi juu ya wastani. Nikasema Mungu amenikumbuka. Nikaacha mtama, nikapanda mahindi ekari nne kwa mkopo wa mbegu na mbolea. Desemba ilinyesha mpaka korongo likakata njia. Januari nayo haikuwa mbaya. Februari jua likawaka wiki tatu bila tone, mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Nilivuna gunia tatu. Baadaye nikasikia kuwa jumla ya mvua ya msimu kweli ilizidi wastani, nikaona kama wananicheka. Naomba kuelewa: joto la maji ya Pasifiki linamjuaje mkulima wa Chamwino? Kijana mmoja ameniwekea programu ya simu inayoonyesha mvua ya kila siku kwa siku tisini mbele, hiyo si bora zaidi? Baba yangu hataki kusikia yote hayo, yeye anaangalia mibuyu na upepo. Nimwamini nani?"*

Pole sana, ndugu yangu. Gunia tatu kwenye ekari nne, tena za mkopo, si jambo la kupita hivi hivi. Barua yako nimeisoma mara mbili, na naona kuna swali ambalo hukuliandika: je, nilidanganywa? Nianze na hilo. Hukudanganywa. Utabiri ulisema jumla ya mvua ya msimu huenda ikafikia wastani au kuuzidi, na ikauzidi. Ila mahindi hayanywi jumla. Yanakunywa mvua ya wiki ile yanapotoa mbelewele, na kuhusu wiki hiyo utabiri wa msimu haukusema neno kwa sababu hauna uwezo huo. Walichosema ni kimoja, ulichosikia ni kingine, na sisi tunaopaswa kuwafafanulia wakulima hatuwezi kukwepa lawama.

Sasa twende baharini. Weka chungu cha maji jikoni, na kwenye jiko la pili weka sufuria tupu. Sufuria inapata moto mara moja, na ukiiepua inapoa kabla hujamaliza kusalimiana na mgeni. Chungu cha maji kinachelewa kupata moto, lakini kikishapata, unaweza kukiepua usiku na asubuhi ukakikuta bado kina uvuguvugu. Hewa ni ile sufuria, bahari ndiyo chungu. Takriban mita tatu tu za maji ya juu ya bahari zinabeba joto linalolingana na la hewa yote iliyo juu yake. Kwa hiyo upepo na mawingu ya leo yatasahaulika baada ya wiki mbili, lakini maji yaliyopata joto Agosti, ukiyapima Novemba utayakuta bado yana joto. Utabiri wote wa msimu unasimama juu ya uzito huo wa bahari. Hatulifuati wingu moja moja miezi mitatu mbele. Tunaangalia jiko lipi lina moto.

Maji yakifika nyuzi joto 27 au 28, hewa iliyo juu yake inapata unyevu mwingi, inakuwa nyepesi, inapanda na kujenga mawingu makubwa. Hewa ikipanda mahali, lazima ishuke mahali pengine, na inaposhuka hukausha. Chukulia mzani wa sokoni: upande mmoja ukinyanyuka, wa pili unazama. Bahari za ukanda wa ikweta zimeunganishwa na mizani ya namna hiyo, na ndiyo njia kuu ambayo Pasifiki inaweza kugusa shamba lako. Maji ya kule hayasafiri kuja Chamwino. Kinachosafiri ni mabadiliko ya mahali hewa inapopanda na inaposhuka.

El Niño yenyewe ni jina la wavuvi wa Peru. Waliona kwamba miaka mingine, karibu na Krismasi, maji ya pwani yao yanapata joto na samaki wanapotea, wakayaita "mtoto", kwa maana ya Mtoto Yesu. Leo watabiri wanapima eneo la katikati ya Pasifiki kwenye ikweta. Joto la maji likizidi wastani wake kwa angalau nusu nyuzi na likadumu kwa miezi, tunasema ni El Niño. Likipungua kwa kiasi hicho hicho, ni La Niña. Hapo hakuna neno mafuriko wala ukame. Nimeshasikia hata viongozi wakisema "El Niño imenyesha jana usiku". El Niño hainyeshi, iko kilomita maelfu kutoka hapa, ndani ya maji.

Bahari inayotuhusu kwa karibu zaidi ni hii yetu ya Hindi. Kwa kawaida maji yenye joto kubwa zaidi yako upande wa mashariki, kuelekea Indonesia. Mawingu hujengeka huko, na hewa hushuka upande wetu. Ndiyo sababu mojawapo nchi yetu, ingawa iko karibu na ikweta, si msitu wa mvua. Lakini miaka mingine mambo hugeuka: maji ya karibu na Sumatra yanapoa, ya upande wa Afrika yanapata joto, upepo wa ikweta unageuka na kuleta unyevu kwetu. Mwaka 1999 wanasayansi wa Japani na India waliuandika mfumo huu na kuupa jina la Dipoli ya Bahari ya Hindi. Maji yakiwa ya joto upande wetu tunaiita dipoli chanya, yakiwa ya joto upande wa Indonesia tunaiita hasi. Kama una nafasi ya kukumbuka kitu kimoja tu kutoka redioni, mimi ningechagua hicho kabla ya El Niño.

Angalia miaka. Mwaka 1997 El Niño kubwa ilikutana na dipoli chanya kubwa. Mvua ya 1997/98 ilivunja madaraja nchi nzima, na wazee wako hawajaisahau. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa miongoni mwa kubwa kuliko zote zilizopimwa, watu wakajiandaa kwa 1997 nyingine, lakini dipoli haikuwa na nguvu kama ile, na mvua haikufikia kiwango hicho. Kisha 2019: Pasifiki ilikuwa karibu na hali ya kawaida, hakuna El Niño ya kutangaza, lakini dipoli chanya ilikuwa na nguvu ambayo haijaonekana kwa miongo kadhaa. Oktoba hadi Desemba ya mwaka ule Afrika Mashariki ilifurika. Baada yake zikaja La Niña tatu mfululizo, kuanzia 2020 hadi mwanzoni mwa 2023, na katika 2021 na 2022 dipoli ikawa hasi. Pembe ya Afrika ikakosa mvua kwa misimu mitano mfululizo, na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao wa maji.

Hapa ndipo nakuomba utulie kidogo, kwa sababu karibu mifano yote hiyo ni ya Oktoba, Novemba na Desemba, yaani Vuli, na sisi Dodoma hatuna Vuli. Wenzetu wa Arusha, Tanga, Pwani na Kanda ya Ziwa wana misimu miwili, Vuli na Masika. Sisi, pamoja na Singida, Tabora na mikoa ya kusini, tuna Msimu mmoja unaohesabiwa kuanzia Novemba hadi Aprili, na kwa uhalisia wa Chamwino ni Desemba hadi Machi. Sasa dipoli hufikia kilele kati ya Septemba na Novemba. Ikifika Desemba au Januari inavunjika, kwa sababu upepo wa bahari unabadilika. Manahodha wa majahazi walilijua jambo hili karne nyingi kabla ya setilaiti: upepo wa kusi ukiisha na wa kaskazi ukashika, bahari inakuwa nyingine. Kwa hiyo dipoli chanya inatushika mkono tunapoanza msimu, halafu inatuachia njiani. Rudia kusoma barua yako: Desemba korongo limekata njia, Januari si mbaya, Februari jua.

Jambo la pili ni mahali tulipo. Kaskazini yetu El Niño huelekea kuongeza mvua. Kusini yetu, kuanzia Zambia na Malawi kwenda Zimbabwe na Msumbiji, huelekea kuleta ukame. Msimu wa 2023/24 ulionyesha hili waziwazi. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa iliporomosha tope kutoka Mlima Hanang hadi Katesh, pale unapopita ukitoka Singida kwenda Babati, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Miezi michache baadaye Zambia, Malawi na Zimbabwe zilitangaza hali ya maafa kwa sababu ya ukame. El Niño ilikuwa ile ile moja. Na mpaka kati ya "inaongeza" na "inapunguza" hauna alama ya barabarani. Unapita katika nchi yetu, na kila mwaka unasogea kidogo. Dodoma tunakaa jirani na mshono huo. Ndiyo maana mtu wa Nairobi anaweza kuichukulia El Niño kama habari nzito kuhusu mvua yake, nasi tukaichukulia kama fununu.

Kuanzia Januari mambo mengine yanashika usukani. Ukanda Mvua, ule mkanda wa mawingu ambapo pepo za kaskazini na za kusini hukutana, unakuwa juu yetu au kusini yetu. Unyevu mwingi unatoka magharibi, kwenye misitu ya Kongo, na kinachoamua kama unyevu huo utafika hapa mara nyingi ni vimbunga vya upande wa Madagaska. Kimbunga kikikaa kwenye mlango bahari wa Msumbiji, ule ulio kati ya Msumbiji na Madagaska, kinaweza kuvuta hewa ya Kongo ipite juu yetu, tukapata wiki nzima ya mvua. Kikikaa pengine, kinatunyang'anya unyevu. Machi 2019, kimbunga Idai kilipoipiga Beira, Msumbiji, maeneo mengi ya Afrika Mashariki yaliona Masika ikichelewa. Hakuna mtu duniani anayeweza kukuambia mwezi Oktoba kwamba Februari kimbunga kitakaa wapi. Juu ya hayo, kuna wimbi kubwa la mawingu linaloizunguka dunia kwenye ikweta kuelekea mashariki, kila siku 30 hadi 60. Likiwa upande wetu tunapata mvua, likishapita kuelekea Indonesia tunabaki na jua. Hilo huonekana wiki mbili au tatu kabla, halionekani miezi mitatu kabla.

Sasa neno "wastani", ambalo naamini ndilo lililokuumiza kuliko El Niño. Dodoma hupata kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Wastani huo ni wa hapa, haukukopwa Njombe, ambako mvua inazidi milimita 1,000. Ukisikia "juu ya wastani" kwa Dodoma, inaweza kuwa milimita 680. Kwa mtama hiyo ni sherehe. Kwa mahindi ya muda mrefu bado ni kubahatisha. Halafu milimita 80 katika hizo zinaweza kuanguka mchana mmoja, zikateremka kwenye korongo zikaenda zake, na kwenye hesabu ya msimu bado zipo. Mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 mafuriko yalibomoa reli ya kati baina ya Kilosa na Gulwe. Mvua ya namna hiyo inapandisha jumla ya msimu bila kumwongezea mkulima debe moja. Si wewe wa kwanza kuangushwa hivi katika mkoa huu. Mwaka 1947 Waingereza walifika Kongwa na matrekta yao kulima karanga kwa maelfu ya ekari. Mvua haikuwatii, udongo ukakauka ukawa kama sakafu, na 1951 wakaachana na mpango. Walikuwa na pesa kuliko mimi na wewe.

Utabiri kamili huja na asilimia, ingawa redio mara nyingi huzikata ili habari iwe fupi. Tuseme taarifa inasema: asilimia 45 juu ya wastani, 35 wastani, 20 chini ya wastani. Mtangazaji atasema "mvua za wastani hadi juu ya wastani", na atakuwa amesema kweli. Wewe isome hivi: kama tungekuwa na misimu kumi yenye bahari kama ya mwaka huu, miwili ingekuwa na mvua pungufu. Bila kujua chochote kuhusu bahari, ungehesabu mitatu na kitu, yaani theluthi moja kwa kila fungu. Bahari imekupunguzia hatari, haijaiondoa. Asilimia hizo hazitolewi kichwani. Kituo cha hali ya hewa cha Ulaya, kwa mfano, huendesha modeli yake ya kompyuta mara 51 kwa kila utabiri wa msimu, kila mara hali ya kuanzia ikibadilishwa kidogo, kisha wanahesabu ngapi zimeelekea wapi. Vipimo vya kuanzia vinatoka kwenye setilaiti, maboya, meli, na vyombo karibu 4,000 vinavyoelea bila nahodha, ambavyo huzama hadi mita 2,000 na kuibuka kila baada ya siku kumi kutuma joto la maji. Kila mwaka kabla ya msimu wataalamu wa nchi zetu hukaa pamoja chini ya ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha kanda yetu kilichoko Nairobi, kulinganisha matokeo, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa Msimu mnamo Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Huo ndio wa kusubiri. Ukisikia mwezi Aprili mtu ana uhakika wa El Niño ya Desemba, mwache aendelee. Kipindi cha Machi hadi Mei ndicho Pasifiki inapobadilika bila taarifa, na utabiri uliofanywa kabla yake huharibika kirahisi.

Hilo linanileta kwenye programu ya simu. Ifute. Samahani kwa kijana, nia yake ni njema. Mvua ya siku moja moja hutabirika kwa siku tano hadi saba vizuri, hadi kumi kwa tahadhari, na baada ya wiki mbili hakuna sayansi inayoweza kusema Jumanne itanyesha na Jumatano haitanyesha. Ile picha ya wingu unayoiona kwenye siku ya 73 imejazwa na kompyuta kwa sababu nafasi ilikuwa wazi. Moshi wa jiko huwezi kusema utaelekea wapi robo saa ijayo, ingawa unajua jiko liko wapi. Kama unataka simu ikusaidie, itumie kwa utabiri wa siku kumi unaotolewa na Mamlaka, hasa unapongoja kupanda, kupalilia au kuweka mbolea.

Na mzee? Mzee hajakosea kuangalia upepo. Kugeuka kwa upepo Novemba na lile joto zito la kabla ya mvua ni dalili za Ukanda Mvua kushuka kuja kwetu, na sisi tunaangalia kitu hicho hicho kwa setilaiti. Mibuyu nayo huchipua majani mvua zinapokaribia. Ila dalili zake zinamwambia kuhusu kuanza, hazimwambii kuhusu Februari. Katika hilo yeye na bahari wako sawa kabisa. Wote wanajua mlango, hawajui chumba cha ndani.

Basi ufanye nini na ekari sita? Nitasema ninavyofikiri, nawe uone kinachokufaa, maana mimi silijui shamba lako. Bahari iseme lolote, ekari tatu ziwe za mtama na uwele. Mtama ukipigwa na jua hujikunja na kusubiri. Mahindi yakikosa maji wakati wa mbelewele hayana subira. Najua adha ya mtama: kwelea kwelea, kuamia kuanzia alfajiri, na bei ambayo si kila mwaka inaridhisha. Sikupuuzi. Lakini hizo ekari tatu ndizo chakula cha nyumbani. Ekari moja na nusu hadi mbili ziwe za alizeti, ambayo mizizi yake inafuata maji chini. Kinachobaki ndicho cha kuchezea kulingana na bahari. Dipoli ikiwa chanya, panda mapema mvua za kwanza zikishika, weka mahindi ya muda mfupi kwenye eneo la bondeni linalotunza unyevu, ili yatoe mbelewele kabla Februari haijafika, na usipande yote siku moja. Dipoli ikiwa hasi na La Niña ipo, mwanzo unaweza kuchelewa, basi mahindi yaache, ongeza uwele. Dipoli na Pasifiki zote zikiwa za kawaida, lima kama baba yako alivyokufundisha. Mkopo wa mbolea ya mahindi usiuchukue kwa sababu ya neno "juu ya wastani" peke yake, katika mwaka wowote.

Mvua ya kwanza nayo hudanganya. Chukua kopo lenye ubavu ulionyooka, lisimamishe mahali pa wazi, pima kwa rula kila asubuhi. Ikifika jumla ya milimita 20 au zaidi ndani ya siku tatu, na ukichimba ukakuta unyevu umefika kina cha kiganja kizima, hapo angalia utabiri wa siku kumi kabla ya kutoa mbegu. Milimita 20 kwenye ekari moja ni zaidi ya lita 80,000 za maji. Mwaka wa El Niño shida yako kubwa inaweza kuwa kuzizuia hizo zisikimbilie korongoni, kwa hiyo makinga maji na matuta yaliyofungwa ncha yatengenezwe Oktoba, wakati ardhi imekauka na wewe una nafasi.

Kuna jambo hukuliuliza lakini kama una mifugo nisingependa nikuache bila kulijua. Mwaka 2006 maji ya Pasifiki na ya Bahari ya Hindi upande wetu yalipata joto, na wataalamu wa setilaiti wakatoa tahadhari ya Homa ya Bonde la Ufa kwa ukanda huu kabla ugonjwa haujalipuka, kwa sababu mbu wanaoueneza huanguliwa kwa wingi kwenye madimbwi ya mvua kubwa. Ugonjwa ulifika Tanzania mwanzoni mwa 2007, watu zaidi ya 100 wakafariki nchini, na Dodoma ilikuwa kati ya mikoa iliyoumia zaidi. Kwa hiyo ukisikia dipoli chanya, muulize mapema afisa mifugo kuhusu chanjo. Na baada ya mvua kubwa, ukiona mbuzi, kondoo au ng'ombe wanatupa mimba kwa wingi, au ndama na wana-kondoo wanakufa, usichinje, usishike kwa mikono mitupu, usinywe maziwa mabichi. Mwite afisa mifugo siku hiyo hiyo. Mtu aliyewahudumia akipata homa kali, au macho kupungua nuru, au kutokwa damu, apelekwe hospitali na aseme kwamba amegusa mifugo iliyoharibu mimba.

Mengine ya shamba hayawezi kumalizwa kwa barua. Afisa ugani wa kata yako anaweza kuja kuona lile eneo la bondeni na kukuambia kama kweli linatunza maji au linatuamisha, na hiyo ni tofauti ya mavuno na hasara. Kwa mbegu ya mtama, Macia au nyingine, nenda kituo cha utafiti cha TARI Hombolo, si mbali na wewe, uwaulize ipi imefanya vizuri katika udongo kama wako. Utabiri wa Msimu ukitoka, muombe afisa ugani ule wa wilaya, maana Mamlaka huzitengenezea baadhi ya wilaya utabiri wao, pamoja na tarehe za mvua kuanza na kuisha. Usiishie kwenye kichwa cha habari. Katikati ya msimu hutolewa pia mrejeo, yaani utabiri uliofanyiwa marekebisho, usiupite. Kwa mkulima wa Dodoma mrejeo wa Januari una uzito kuliko utabiri wa Oktoba.

Mzee mpe shikamoo yangu. Na ukipata nafasi muulize, ile 1997, mibuyu ilichipua lini?